Cheti Kiliisha, Dada Akafungiwa Keja

Wasee, leo hakuna ripoti ya simu mpya. Leo nimekuja kuungama.

Ijumaa, tarehe 5 Septemba 2025, saa moja na nusu asubuhi, niko steji ya Ruiru nangoja mathree ya kwenda Thika. Simu inalia. Ni keateka wa ploti moja huko Kihunguro, mzee ambaye hapigi simu kama hakuna ngori.

"Kijana yangu, hii sistimu yako imeniletea jina la huyu dada kwa wale hawajalipa. Nimeweka kufuli. Sasa amerudi kutoka kazi ya usiku, ananionyesha meseji ya M-Pesa. Nimfungulie ama nisimfungulie?"

"Mzee, mfungulie tafadhali," nikasema. Lakini kabla nimalize nikasikia sauti ya dada huko nyuma: "Nimesimama usiku mzima, nataka tu kulala. Si meseji ni hii hapa?" Na mzee akamjibu kitu ambacho mpaka leo kinaniuma: "Meseji hata watoto wa shule wanatengeneza siku hizi, mama. Sistimu ndiyo haidanganyi."

Sistimu ilikuwa inadanganya. Na sistimu ni mimi.

Wacha nieleze. Mbali na hizi video mnazoniona nazo, mimi na mabeshte wawili tunaendesha kaprogramu ka kukusanya kodi ya nyumba. Ploti chache tu, kuanzia Kihunguro na Kimbo mpaka Makongeni, Thika. Mpangaji analipa kwa simu, huduma ya malipo inatuma taarifa kwa seva yetu, jina lake linageuka kijani. Tarehe 5 alfajiri, majina ambayo bado ni mekundu yanatumwa kwa keateka kwa SMS. Rahisi. Tulijisifu nayo sana.

Usiku huo wa kuamkia Ijumaa, cheti chetu cha TLS kiliisha muda. Yule dada alilipa saa nane usiku akiwa kazini, ndani ya muda kabisa. Huduma ya malipo ikaja kugonga mlango wetu kutuambia. Ikakuta kitambulisho chetu kimepitwa na wakati, ikakataa kuongea na sisi. Ilifanya kile inachopaswa kufanya. Lakini ile SMS ya majina mekundu inatoka kwetu kwenda nje, kwa hivyo haikujali cheti. Ikaenda vizuri tu, na uongo ndani yake. Kufikia saa tatu asubuhi tulikuwa na watu 11 waliolipa na bado wanaonekana hawajalipa. Mmoja kati yao alikuwa amesimama nje ya mlango wake mwenyewe na viatu vya kazi.

Ndio maana naandika hii. Nina maoni makali sasa, na nataka kuyatetea: kama unaendesha kitu chochote ambacho watu wanategemea, ni makosa kurenew cheti kwa mkono. Si uvivu, si ushamba. Ni makosa, vile ni makosa kuendesha matatu ukijua breki zinategemea wewe kukumbuka kitu kila miezi mitatu.

Cheti ni nini, kwa lugha ya mtaa

Ukiona ile "https" kwa brauza, maana yake ni mambo mawili. Moja, maneno yako yanasafiri yamefungwa, mtu wa Wi-Fi ya kibandani hawezi kuyasoma. Mbili, kuna mtu anayeaminika aliyethibitisha kwamba seva unayoongea nayo ndiyo yenye hilo jina. Huo uthibitisho ndio cheti. Kina jina, kina sahihi ya aliyekitoa, na kina tarehe ya mwisho.

Tangu Julai 2018, Chrome imekuwa ikiandika kwamba tovuti isiyo na https si salama. Na ukitaka mfumo wa malipo ukuletee taarifa, anwani yako inafaa kuwa ya https. Kwa hivyo cheti si urembo, ni kama leseni ya kuwa barabarani.

Zamani hii leseni ilikuwa ya wenye doo. Halafu Let's Encrypt ikafungua milango kwa umma Desemba 2015. Ni shirika lisilo la faida, na vyeti vyake ni vya bure. Masharti ni kwamba cheti kinaishi siku 90, na maombi yote yanapitia itifaki inayoitwa ACME, ambayo imetengenezwa ili mashine iongee na mashine. Soma hiyo tena. Mashine na mashine. Mimi nilikuwa nimejiweka katikati kama konda ambaye hakuna aliyemwajiri.

Kosa langu lilikuwa hivi

Tulitaka cheti cha nyota, kile kinachofunika majina yote madogo chini ya domeini moja, kwa sababu kila ploti ina jina lake. Cheti cha nyota Let's Encrypt ilianza kukitoa Machi 2018, na kinatolewa kwa njia moja tu: uthibitisho wa DNS. Yaani unaambiwa, "Kama kweli hii domeini ni yako, nenda uandike neno hili kwa rekodi zake." Unaandika rekodi ya TXT chini ya jina linaloanza na _acme-challenge, wanaisoma, wanakupa cheti.

Mimi nilikuwa nafanya hiyo kwa mkono. Naingia kwa paneli ya domeini, nabandika lile neno, nangoja, nabofya, nachukua cheti, nakisukuma kwa klasta. Dakika 20 na chapo madondo mkononi. Nilifanya hivyo Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025. Hesabu siku 90 kutoka hapo. Unaangukia tarehe 5 Septemba. Siku ile ile ya orodha ya kodi.

Na kwa nini sikukumbuka? Kwa sababu nilikuwa nimezoea kukumbushwa. Miaka yote Let's Encrypt ilikuwa inatuma barua pepe cheti kikikaribia kuisha. Mapema 2025 walitangaza wazi kwamba wataacha, na tarehe 4 Juni 2025 wakaacha. Mimi nilirenew siku 3 baadaye, nikaenda zangu nikingoja barua ambayo haitakuja kamwe. Kosa si lao. Walisema. Mimi sikusoma.

Sitajifariji sana, lakini jua tuko wengi. Tarehe 6 Desemba 2018, mamilioni ya wateja wa O2 huko Uingereza walikosa intaneti ya simu kwa siku nzima, kwa sababu cheti ndani ya programu ya Ericsson kilikuwa kimeisha. Februari 2020, Microsoft Teams ilianguka kwa saa kadhaa kwa sababu hiyo hiyo. Hizo ni kampuni zenye maelfu ya mainjinia. Kama wao wamesahau, wewe na kalenda ya simu yako ni nani?

Kwa nini klasta inaongeza ugumu

Kama una tovuti moja kwa hosting ya kawaida, pengine paneli yako tayari inajirenewia cheti yenyewe na huhitaji kelele zangu. Kunywa chai. Lakini ukiingia mambo ya kontena, sheria zinabadilika.

Kontena imetengenezwa ili ife. Kubernetes inaiua, inaizalisha upya kwa nodi nyingine, inaongeza nakala tatu watu wakiwa wengi. Sasa wasee wengi wanafanya nini? Wanaweka programu ya kuomba cheti ndani ya kontena yenyewe. Mimi pia nilijaribu, mwaka uliotangulia. Kila kontena ikizaliwa, inaomba cheti kipya, kwa sababu haikumbuki kile cha jana. Let's Encrypt ina mipaka: vyeti 5 tu kwa wiki kwa seti ile ile ya majina. Kontena yangu ilikuwa na kasoro, ikawa inaanguka na kuamka, anguka, amka. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimemaliza vyeti vya wiki nzima. Ikabidi nikae hapo nikiangalia kufuli ya brauza kama mtu aliyesahau funguo ndani ya nyumba.

Kutoka hapo ndio nilirudi kwa mkono nikifikiri mkono ni salama zaidi. Mnaona vile mtu anatoroka mvua anajificha mtoni?

Jibu la kweli ni kutoa kazi ya vyeti nje ya kontena zako kabisa na kuipa mtu mmoja ndani ya klasta ambaye hana kazi nyingine. Huyo mtu anaitwa cert-manager. Ni programu huria, ilianzishwa na kampuni ya Jetstack, na kufikia 2024 ilikuwa imehitimu daraja la juu la miradi ya CNCF, wale wale wanaolea Kubernetes. Unamwambia mambo mawili kwa faili za YAML: nani atoe vyeti, na unataka cheti cha majina gani. Yeye anaenda kuomba, anaandika ile rekodi ya TXT kupitia API ya DNS, anangoja ionekane, anapokea cheti, anakiweka kama Secret ndani ya klasta, anafuta rekodi. Ule mlango wa klasta unaopokea wageni, kwangu ni Traefik inayokuja na k3s, unasoma hiyo Secret. Kontena zako hata hazijui kilichotokea.

Halafu anarudia. Kawaida yake ni kurenew theluthi mbili ya maisha ya cheti ikipita. Kwa cheti cha siku 90, ni siku ya 60. Hiyo inakuachia siku 30 za makosa. Stima ikipotea Ruiru siku mbili, hakuna shida. Paneli ya DNS ikilala wikendi nzima, hakuna shida, anajaribu tena. Mimi kwa mkono nilikuwa na siku ngapi za makosa? Sifuri.

Ukuta au faili ya ardhi?

Sasa kuna swali wasee huuliza: kwa nini DNS? Si kuna ile njia nyingine rahisi, ya HTTP?

Ipo. Njia ya HTTP inafanya hivi: unaweka kafaili kwa seva yako, Let's Encrypt inakuja kupitia mlango wa 80, inakasoma, basi. Njia ya DNS ni tofauti: hakuna mtu anakuja kwako. Wanaenda kuangalia rekodi za domeini.

Mtu wa Ruiru ataelewa haraka. Umepita barabarani ukaona ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu, "Shamba hili haliuzwi". Yule aliyeandika lazima awe alifika hapo na brashi. Hiyo ni njia ya HTTP: unathibitisha kwamba unashika ukuta. Njia ya DNS ni kwenda kwa ofisi ya ardhi na kuandika ndani ya faili ya hilo shamba. Unathibitisha kwamba unashika faili. Zote mbili zinakubalika, na ya ukuta inatosha watu wengi. Lakini ya faili ina faida tatu ambazo mtu wa klasta atazipenda.

Ya kwanza, cheti cha nyota. Bila DNS hukipati. Na kumbuka nyota inafunika ngazi moja tu. Kama domeini yako ni mfano.co.ke, cheti cha *.mfano.co.ke kinafunika kimbo.mfano.co.ke, lakini hakifuniki a.kimbo.mfano.co.ke, wala mfano.co.ke yenyewe. Hilo la mwisho unaliongeza kama jina la pili kwa cheti hicho hicho.

Ya pili, siri. Kila cheti kinachotolewa kinaandikwa kwenye daftari za umma ambazo mtu yeyote anaweza kusoma. Ukiomba cheti kimoja kimoja kwa kila mteja, umechapisha orodha ya wateja wako bila kujua. Nilipotafuta domeini yetu kwa hizo daftari nilikuta majina ya ploti zote tulizowahi kujaribu, hata ile ambayo mwenyewe alituomba tusimtaje. Kwa cheti cha nyota, kinachoonekana ni nyota tu.

Ya tatu ndiyo inagusa sisi watu wa keja. Klasta yangu ya majaribio ni vimashine viwili vya mitumba chini ya kitanda. Laini nyingi za intaneti za nyumbani huku mtaani hazikupi anwani yako ya umma, mnagawana moja mtaa mzima. Hakuna mtu wa nje anaweza kufika mlango wako wa 80. Njia ya HTTP hapo imekufa. Njia ya DNS inafanya kazi kama kawaida, kwa sababu klasta yako ndiyo inatoka nje kuandika kwa faili, na Let's Encrypt inasoma faili. Hakuna anayehitaji kufika chini ya kitanda changu. Mwanafunzi wa Juja mwenye laptopu moja kuukuu anaweza kujifunza na cheti halali, sawa na mtu wa kampuni kubwa. Hiyo kwangu si kitu kidogo.

"Lakini buda, huoni hatari?"

Naiona. Na hapa ndipo wale wanaoshabikia hii kitu huwa wananyamaza, kwa hivyo wacha mimi niseme.

Ili cert-manager iandike kwa faili ya ardhi, lazima uipe ufunguo wa ofisi. Huo ni tokeni ya API ya DNS. Mwenye hiyo tokeni anaweza kujitolea cheti kwa jina lako, anaweza kugeuza tovuti yako iende kwake, anaweza kugeuza barua pepe zako. Hati ya shamba lako sasa iko ndani ya klasta. Na Secret ya Kubernetes, licha ya jina lake, kwa kawaida imegeuzwa tu maandishi ya base64, haijafungwa na kufuli yoyote. Mtu mwenye ruhusa ya kuisoma anaisoma kwa sekunde mbili. Nimeona vijana wakipost skrini zao na tokeni iko hapo wazi kama namba ya simu ya fundi wa mifereji.

Kwa hivyo fanya haya. Usitumie ufunguo wa akaunti nzima. Tengeneza tokeni inayoweza kugusa zoni moja tu. Usiiweke kwa Git, hata kama ripo ni ya siri, kwa sababu siri za Git huwa zinazeeka vibaya. Weka rekodi ya CAA inayosema ni mtoaji gani tu anaruhusiwa kutoa vyeti vya domeini yako.

Na kuna ujanja ambao natamani ningefunzwa mapema. Wengi wetu tumenunua .co.ke. KeNIC ndiyo inasimamia .ke, lakini unanunua kupitia wakala, na paneli za mawakala wengi hazina API ya kuandika rekodi. Hapo wasee hukata tamaa na kurudi kwa mkono. Usirudi. Una njia mbili. Unaweza kuacha domeini kwa wakala wako na kuhamisha tu nameserver kwa huduma ya DNS yenye API, na ziko za bure. Ama, kama hutaki kuhamisha kila kitu, unaandika mara moja tu rekodi ya CNAME inayosema, "Mambo ya _acme-challenge yaulizwe kwa zoni ile nyingine." Zoni hiyo nyingine inakuwa domeini ndogo isiyo na kitu kingine. cert-manager inapewa ufunguo wa hiyo pekee. Mtu akiiba tokeni, bado anaweza kujitolea cheti, hilo ni baya, lakini hawezi kugusa tovuti wala barua pepe yako. Umempa askari wa geti ufunguo wa geti, si wa nyumba.

Pingamizi la pili: "Hii yote si ni kuua mbu kwa shoka?" Kwa wengine, ndiyo. Kama huna sababu ya klasta, usijenge klasta ili upate cheti. Kwa seva moja, kuna programu nyepesi zinazofanya ACME zenyewe. Kile ninachopinga ni mkono, si uchache wa mashine.

Pingamizi la tatu ndilo nilikuwa naliamini: "Nikifanya kwa mkono, naelewa kinachoendelea." Kweli, fanya mara ya kwanza kwa mkono ili uelewe. Mara ya pili ni mazoea. Mara ya tano ni Septemba 5.

Mkono unaondolewa hata ukibisha

Hata kama sijakushawishi, kalenda itakushawishi. Aprili 2025, CA/Browser Forum, kile chama cha watoaji vyeti na watengenezaji wa brauza, kilipiga kura kupunguza maisha ya vyeti. Hakuna aliyepiga kura ya kupinga. Mpaka hapo kikomo kilikuwa siku 398. Kuanzia 15 Machi 2026 ni siku 200. Kuanzia 15 Machi 2027 ni siku 100. Kuanzia 15 Machi 2029 ni siku 47. Let's Encrypt nayo imetangaza kushuka kutoka siku 90 hadi 45 kufikia 2028, na mwaka wa 2025 ilianza kutoa hata vyeti vya siku 6 kwa wanaotaka.

Piga hesabu. Cheti cha siku 47 ukikirenew theluthi mbili ikipita, ni kila mwezi. Mara 12 kwa mwaka, kwa kila domeini. Ukiwa na wateja 10 ni mara 120. Yule jamaa anayeuzia biashara za mtaa "huduma ya kurenew SSL" mara moja kwa mwaka, biashara yake inazimwa kama taa. Na sababu yao ina akili: cheti kikiibiwa, muda mfupi unamaanisha mwizi anakaa nacho siku chache. Kubatilisha vyeti kabla ya wakati hakujawahi kufanya kazi vizuri kwa brauza, kwa hivyo wameamua viwe vinakufa mapema vyenyewe.

Na sasa ile sehemu ngumu

Baada ya Septemba nilikaa wiki moja nikijenga hii kitu. Nikaanza na mazingira ya majaribio ya Let's Encrypt, ambayo mipaka yake ni mikubwa na vyeti vyake haviaminiki na brauza, ili nisijimalizie tena vile vyeti 5. Nikakwama siku mbili kwa sababu klasta ilikuwa inauliza DNS ya ndani na kuambiwa rekodi haipo, wakati nje ipo. Nikailazimisha iulize seva za DNS za nje, ikakubali. Mwishoni nikaweka king'ora: cheti kikibaki na siku chini ya 20, simu zetu tatu zinalia. Kwa sababu mashine inayojiendesha pia inaweza kufa kimya kimya. Tokeni inaweza kufutwa. Mtu anaweza kubadilisha nameserver. Kama hakuna anayeangalia, umehamisha tu usahaulifu kutoka kichwani kwako kwenda kwa klasta.

Ilipojirenew yenyewe mara ya kwanza nilikuwa nimelala. Niliona asubuhi kwa logi. Hakuna aliyepiga simu. Nilikaa kwa kitanda nikitabasamu kama mjinga.

Lakini nilimaliza hayo yote na bado nilikuwa sijisikii fiti, na nilichukua muda kujua kwa nini. Nilikuwa nimerekebisha cheti. Sikuwa nimerekebisha kufuli.

Kwa sababu fikiria vizuri. Cheti kingeweza kuwa sawa na bado dada akafungiwa. Seva ingeweza kuzima. Intaneti ingeweza kukatika. Mimi ningeweza kuandika msimbo mbovu, na naandika. Shida kubwa ni kwamba tulikuwa tumefanya kinyume. Kitu ambacho mashine inakifanya vizuri kuliko binadamu, yaani kukumbuka tarehe, tulikiacha kwa binadamu. Na kitu ambacho kinahitaji binadamu, yaani kumwangalia mtu machoni na kuamua kama atalala nje, tulikiachia mashine. Halafu mzee wa watu, ambaye amekaa na wapangaji miaka mingi na anajua nani ni mkweli, akaacha kujiamini kwa sababu SMS yangu ilikuwa na sauti kubwa kuliko akili yake.

Kwa hivyo tulibadilisha mambo mawili ambayo hayana uhusiano wowote na Kubernetes. Sasa kabla ya orodha kutoka, sistimu inaenda yenyewe kuuliza malipo yote ya siku hizo na kulinganisha. Haingojei tu kugongewa mlango. Na SMS ya keateka haisemi tena "hajalipa". Inasema, "Hatujaona malipo ya huyu. Muulize. Akikuonyesha meseji, tupigie sisi." Neno moja limebadilika, kutoka kwa yeye kwenda kwa sisi. Wenye ploti wawili hawakuipenda. Mmoja alituacha. Sawa.

Nilienda Kihunguro Jumapili ile kumwomba yule dada msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo ya cheti. Alinisikiza dakika moja hivi, akaniuliza, "Kwa hivyo kuna kakaratasi kenu kaliisha, nikafungiwa mimi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya. Kasiishe tena." Akafunga mlango polepole, kutoka ndani, na ufunguo wake.

Basi hiyo ndiyo kazi yako ya leo usiku. Fungua tovuti ya kitu unachoendesha, bonyeza hapo karibu na anwani kwa brauza, angalia cheti kinaisha lini. Kama hujui ni nani atakirenew siku hiyo, jua ni wewe. Na kama ni wewe, tafadhali, jiondoe hapo katikati kabla tarehe 5 haijafika.